Kochi la Bombei na Mkono wa Pili wa Rangi

Kiti kilichomwangusha bwana harusi Kiprop kilikuwa cha plastiki, ila kwa mbali ungedhani ni cha mfalme. Kilikuwa cheupe, kina mgongo mrefu, vifungo vya kung'aa na taji juu. Siku hiyo, katika ukumbi mmoja wa Mesquite, Kiprop aliketi kwa mbwembwe, mguu wa nyuma ukasalimu amri, naye akaenda chini na kipande cha keki mkononi. Mpiga video hakuacha kupiga. Kufikia Jumatatu hakukuwa na mtu wa Afrika Mashariki kati ya Dallas na Houston ambaye hajaiona ile video, na wengine walikuwa wameshaiwekea muziki.

Kiti kilikuwa cha Apolonia, shoga yangu. Mimi naitwa Prudensia, ni Mhaya, na nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Apolonia ni Mngoni wa Peramiho. Alikuja Texas kusoma uhasibu. Uhasibu ukamshinda au yeye akaushinda, inategemea anayesimulia ni nani. Siku za kazi anasukuma wazee na wagonjwa kwenye viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege wa DFW, karibu na anapoishi Irving. Wikiendi ni mpambaji, nami msaidizi wake. Harusi, send-off, ubatizo, hata arobaini mtu akitaka, yeye anakuja na satini zake, maua yake ya bandia na mdomo wake. Huo mdomo ndio unaomfanya mama wa bibi harusi alie kabla ya sherehe kuanza, lakini ukumbi ukishawaka taa kila mtu anasamehe.

Baada ya ile video hakuna aliyesamehe. Jumatatu hiyo hiyo alinipigia simu akiwa kazini, kifaa kiko sikioni, mikono inasukuma kiti cha abiria.

"Nimekwisha, Pru," alisema. "Loice naye, bibi harusi wangu anayefuata, anataka ku-cancel. Anasema hawezi kumkalisha Shem wake kwenye kiti cha ajali. Na kweli, kiti chenyewe miguu kama ya mbuzi mwenye njaa!"

Nikasikia sauti nyingine kwenye simu, ya mwanamume, Kiswahili cha Tanga kilichonyooka.

"Mbuzi hana kosa, mama. Kosa ni plastiki. Tafuta mbao."

Alikuwa yule abiria mwenyewe. Mzee wa Kihindi, mwembamba, kofia ya sufu kichwani katikati ya joto la Texas, ametoka Dar kusalimia ndugu na anabadilisha ndege kwenda Houston. Apolonia alishtuka akaachia kiti.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Na usiniachie, hapa kuna mteremko."

Hivyo ndivyo tulivyompata Mzee Badrudin. Kabla hajafikishwa kwenye lango la ndege alikuwa ameshamwambia Apolonia kwamba nyumbani kwake Stafford, kando ya Houston, ana kochi la kukalisha maharusi ambalo hata tembo hawezi kulivunja, na kwamba mwanawe anataka kulitupa.

Jumamosi tukakodi lori. Tulikwenda Apolonia, mimi, mume wangu Gelasius na vijana wawili wa kwaya yake. Mzee alitupokea mlangoni kwa chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, akatupeleka sebuleni, na hapo nikaliona hilo kochi kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni madhabahu.

Lilikuwa jeusi, refu, na hakuna mahali pa kuweka kidole ambapo hapakuchongwa kitu. Umbo lilikuwa la Kizungu, la zile sebule za mabibi wanaokunywa chai wamenyoosha kidole kidogo. Lakini mgongoni kulikuwa na tausi wawili wanatazamana, kasuku, nyoka, na zabibu vichala kwa vichala kama shamba zima. Katikati kulikuwa na taji la Uingereza. Mikono iliishia kwenye vichwa vya simba, na yule aliyewachonga nina hakika hakuwahi kumwona simba, kwa sababu walikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa bili ya hospitali.

"Kaa," mzee aliniambia.

Nikakaa. Mdomo wa kasuku ukanichoma kwenye uti wa mgongo. Nikasogea, zabibu zikanipokea. Lile kochi lilitengenezwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na migongo.

Mzee alicheka, akatueleza. Lilichongwa Bombei zamani, Mwingereza akiwa bado anatawala kule. Mzungu alitaka kochi kama la kwao. Fundi wa Kihindi akampa umbo la kwao, akamwekea na taji ili afurahi, halafu kila nafasi iliyobaki akaijaza vya kwake. Meneja mmoja wa shamba la mkonge akalileta Tanga kwa meli. Uhuru ulipokaribia, meneja akafungasha, na baba yake Mzee Badrudin, aliyekuwa na duka la vitambaa Ngamiani, akalinunua mnadani.

"Watu walimwambia, Bwana, hili litakuvunja mgongo," mzee alisema. "Baba akawajibu, yule mtu amenisimamisha mbele ya kochi hili miaka yote nikimpelekea vitambaa. Leo nitakaa."

Familia ilipohamia Amerika waliacha karibu kila kitu. Mkewe, marehemu Shirin, alimpa achague, yeye au kochi. Vikaja vyote viwili. Sasa mwanawe Alnoor anauza nyumba na kuhamia kwenye fleti, na kwenye fleti chumba cha mzee kipo, cha kochi hakipo. Mara moja alijaribu kulitoa nje siku ya takataka kubwa. Mzee akaenda akalikalia hapo barabarani mpaka gari la taka likapita.

"Haya mzee, bei gani?" Apolonia aliuliza, ameshajiweka tayari kupigana.

"Sina bei. Nataka mwaliko. Huyo bibi harusi wa kwanza atakayelikalia, nami niwepo nimwone. Nikishamwona, hata Mungu akiniita naenda."

"Mzee, cha bure kina gharama."

"Basi gharama ni pilau."

Apolonia alibisha karibu saa nzima, maana Mngoni hajui kupewa; mwisho wakashikana mikono kwa mwaliko, sahani mbili za pilau na ahadi kwamba kochi halitakaa stoo. Wakati Gelasius na vijana wanalibeba, mume wangu alitamka maneno ambayo mwimba zaburi hapaswi kuyajua. Alnoor mwenyewe alirudi kutoka kazini akatukuta tunapakia. Alitushukuru kwa kumpunguzia safari, akashika hata mlango wa lori. Nakumbuka vizuri kwa sababu aliushika kwa vidole viwili, asichafuke.

Tukaliweka kwenye gereji yangu Mesquite. Loice akaja kuliangalia na mama yake, Everline, nesi ambaye huwa anakutazama kama anatafuta mshipa wa kuchoma. Loice alilizunguka mara moja.

"Aunty, hii inakaa jeneza."

"Jeneza lina tausi?" Apolonia aliuliza.

"Jeneza ya mtu wa maana inaeza kuwa nayo. Aunty, theme yangu ni white and gold. Kama si hiyo, nitaenda kwa Whitney."

Whitney ni mpambaji wa Kikenya mwenye viti vya kioo vinavyowaka taa chini. Kumtaja mbele ya Apolonia ni sawa na kumtemea mate. Loice na mama yake walipoondoka, shoga yangu alisimama mbele ya wale simba, mikono kiunoni, na nikajua kitakachofuata.

Muelewe kwamba kwa mpambaji kupaka kitu rangi ya dhahabu si dhambi, ni usafi. Katika kazi yetu hakuna kinachobaki na rangi aliyopewa na Mungu. Mitungi tunapaka, nyungo tunapaka, matawi ya miti tunapaka. Mwaka juzi tulipaka mananasi. Sherehe isiyong'aa kwetu ni kikao cha ukoo. Kwa hiyo Apolonia alinunua kopo la rangi ya mafuta, akavaa khanga kuukuu, na Jumanne asubuhi akaanza. Adhuhuri mgongo mzima ulikuwa dhahabu na miguu myeupe. Mimi nililipenda. Samahani kwa wenye elimu yao.

Alnoor alipiga simu brashi ikiwa bado mkononi mwa Apolonia.

Alizungumza Kiingereza cha upole, kile cha upole kinachotisha. Mtu mmoja ofisini kwake aliona picha ya zamani ya familia, akauliza kochi liko wapi. Makochi ya namna hiyo, kumbe, watu huyawekea bima. Sasa kuna mfanyabiashara wa samani za kale Houston anayelitaka, amnunulie mteja mwenye jumba lake la maonyesho. Alnoor alisema anajua Apolonia hakuwa na nia mbaya. Lakini baba yake siku hizi anasahau, hakuelewa anatoa nini, na kumchukulia mzee kitu katika hali hiyo kuna jina lake kisheria. Alhamisi atakuja na huyo mtu, na lori. Wasipolikuta, atakayefuata ni wakili.

Apolonia alikaa chini kwenye sakafu ya gereji. Niliwahi kumwona amekasirika kila aina ya hasira, sijawahi kumwona ameogopa, na siku hiyo aliogopa. Alikuwa na haki. Mwanamke mweusi, mgeni, kibali chake cha kazi kinahesabiwa siku, amebeba mali ya mzee bila karatasi yoyote. Hadithi hiyo mtu hasubiri kusikia mwisho wake.

"Nilirudishe," alisema. "Loice aende kwa Whitney. Lakini Pru, nalirudishaje hivi? Na yule mzee nitamwambia nini? Alikuwa analifuta kwa mafuta ya nazi kila Ijumaa!"

"Mwambie ukweli, na umwambie sasa," nilimjibu. "Maana akilikuta Alhamisi hivi bila kuambiwa, litamuua."

Akampigia, simu ikiwa kwenye spika, juu ya kopo la rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Najua unachotaka kusema. Wamezungumza hapa mbele yangu kwa Kiingereza, wanadhani na Kiingereza nimekisahau. Wanataka kuliweka nyuma ya kamba. Watu waje, watazame, waondoke."

"Mzee, kuna jambo jingine." Apolonia aliweka brashi chini. "Nimelipaka rangi."

 Tulisikia televisheni ya kwao inatangaza hali ya hewa.

"Rangi gani?"

"Dhahabu. Na miguu nyeupe."

"Hata simba?"

"Simba weupe, mzee. Ndevu za dhahabu."

Nilitamani simu ikatike. Mimi si mtu wa kuona aibu, lakini niliona aibu. Pale mwisho wa waya kulikuwa na mtu aliyekuwa anakijua kila kichala kwa mkono wake, na sisi tumekifunika kwa kopo la dukani.

"Umepaka mkono mmoja?" mzee aliuliza.

"Mmoja."

"Mbao bado inaonekana?"

"Kwa mbali. Kwenye zabibu."

"Basi piga mkono wa pili," alisema. "Mnene. Ingia ndani kabisa, kila zabibu, kila unyoya. Usibakishe hata moja, mama, watakuja na tochi." Akakata simu bila kuaga.

Apolonia alipaka huku analia. Nilimshikia kopo.

Alhamisi walifika. Mfanyabiashara alikuwa Mzungu mrefu mwenye tai ya kipepeo na kitochi kidogo, na kweli alivaa glavu. Alnoor alikuja nyuma yake, na Mzee Badrudin akateremka wa mwisho, kofia yake ya sufu kichwani. Gelasius akafungua mlango wa gereji. Jua likapiga dhahabu, na nakuhakikishia yule Mzungu alitoa sauti ambayo mbuzi hutoa akiona kisu.

Alipiga magoti. Akamulika kasuku, akamulika nyoka, akavua glavu moja, akakwaruza kichala kwa ukucha. Rangi ikafuatana na ukucha kama ugali mbichi. Alimwambia Alnoor, polepole, kwamba kuitoa rangi hiyo kwenye michongo kama ile bila kuua mbao ni kazi ya miaka, na gharama yake itazidi thamani ya kochi. Mteja wake hataligusa. Kisha akamwuliza Apolonia, kwa huzuni ya kweli, kwa nini.

"Theme," Apolonia alimjibu.

Alnoor akamgeukia baba yake. "Daddy, ulijua kuhusu hii?"

Mzee alimtazama kwa macho ya mtoto asiye na kosa. "Labda," alimjibu kwa Kiingereza. "Mimi siku hizi nasahau. Si ndivyo unavyowaambia watu?"

Alnoor akamwashiria yule Mzungu waondoke. Wakarudi kwenye gari. Mzee alibaki nyuma kidogo, akaweka kiganja juu ya kichwa cha simba, akakiacha hapo.  Alipokiondoa kilikuwa cheupe, akaenda kujifuta kwenye kiti cha gari la mwanawe.

Hilo lingetuambia kitu kama tungekuwa na akili. Lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa harusi, hukohuko Stafford, na mawazo yetu yalikuwa kwenye maua. Rangi ya mafuta, mkono wa pili, mnene, unyevu wa Houston: mtoto wa darasa la nne angejua. Juu ilikauka. Ndani ya zabibu ilikuwa inangoja.

Ukumbi ulipendeza, hata Everline alikosa pa kuchoma. Mzee Badrudin aliketi meza ya mbele kabisa, suti yake imenyooshwa, Alnoor pembeni yake anatazama saa. Loice na Shem waliingia wanacheza, vigelegele juu, wakafika kwenye kochi, wakakaa. Halikutikisika. Niliona kidevu cha mzee kinatetemeka, na Apolonia akanibana mkono mpaka kucha zikaniingia.

Wakakaa hotuba zote. Wajaluo wa upande wa Shem hawana hotuba fupi. Kisha mshereheshaji akawaita maharusi wakate keki, Loice akainuka, akageuka, na ukumbi wote ukaona mgongo wake. Zabibu. Vichala vitatu vya dhahabu juu ya gauni jeupe, na katikati kasuku nusu, amekosa kichwa.

Everline alipiga ukelele. Loice alijaribu kujiangalia nyuma, akashindwa, Shem akamwonyesha kwenye simu, naye akaangua kilio. Apolonia alikuwa wa rangi ya majivu. Mpiga video, Mungu amsamehe, alikuwa yuleyule wa Kiprop.

Ndipo tukasikia mtu anacheka. Mzee Badrudin alikuwa amejiinamia kwenye meza, mabega yanaruka, kofia imeanguka kwenye pilau. Alnoor alimshika akidhani ni maradhi. Mzee akamsukuma, akainuka, akaenda mpaka kwa Loice.

"Usilie, mwanangu. Shirin wangu naye aliinuka hivihivi. Kochi hilihili, Tanga, siku ya harusi yetu. Baba alikuwa na wageni kutoka Mombasa, akataka ling'ae, asubuhi ile akalipaka rangi ya viatu! Sari nyeupe, ya hariri, na tausi mweusi hapa." Akajipiga mgongoni. "Na hakunisamehe. Nikichelewa dukani, sari. Nikisahau chumvi, sari. Nikikoroma, sari! Mpaka hospitali, siku ya mwisho, nimemshika mkono, nangoja aniambie neno. Akanifumbulia jicho moja akasema, Badru, ile sari sijaisahau."

Watu walicheka. Loice alijifuta macho, akamtazama mumewe.

"Shem, hii gauni utaiskia mpaka uzeeke."

"Na nimeamua kuzeeka," Shem alijibu, na vigelegele vikapasua ukumbi.

Mzee bado alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikageuka, bila kutuambia, na tukaona kwamba analia, amesimama katikati ya watu, mikono inaning'inia.

"Sasa hakuna," alisema. "Nyumba nzima, wananiuliza dawa, wananiuliza nimelala vipi, wananisemesha taratibu. Hakuna wa kunisimanga."

 Alnoor, ambaye hakuelewa Kiswahili, alikuwa anatutazama mmoja mmoja atafsiriwe. Nikamwambia kwa Kiingereza, sentensi tatu. Akaweka simu yake mfukoni.

Apolonia akapita katikati ya watu na khanga yake kiunoni.

"Mzee, futa kamasi," alisema. "Watu wamekuja harusini, wewe unawafanyia matanga. Na hiyo tai umeifunga kwa miguu? Na kofia, kofia nzuri ya sufu, unaiingiza kwenye pilau yangu! Nani alikufundisha kula?"

Mzee alimkodolea macho. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka, lakini aliinua kidevu apate kufungwa tai upya.

Siku hizi kila Jumapili baada ya misa Apolonia anampigia simu Stafford na kumsema robo saa nzima, dawa, chumvi, viatu, na ile sari ambayo hata hakuwahi kuiona. Wiki akipitiwa na kazi, mzee hupiga mwenyewe, kuuliza leo amekosa nini.